Hitilafu za Mstari wa Magharibi

Ubao ulipowashwa asubuhi ile, mstari wa magharibi ulikuwa umejaa madoa mekundu kama mtoto mwenye surua, na Namkunda Mchome, ambaye kazi yake ilikuwa kuyasoma mbele ya wenzake, alijikaza asitabasamu.

"Ripoti mpya," alisema. "Nguzo ya pili, ya nne, ya tano na ya saba. Zote za magharibi. Mashariki hakuna kitu."

Chumba kizima kikamgeukia Tunzo Kapinga. Mkuu wa mstari wa magharibi alikuwa amekaa karibu na dirisha, koti lake la mvua bado linachuruzika, kwani yeye hupanda kuziona nguzo zake kabla ya kikao. Alikuwa na uso mpana wa watu wa Mbinga na kicheko ambacho mafundi walikuwa wakikisikia toka bonde la pili. Asubuhi ile hakucheka.

"Jana tumezikagua zote," alisema. "Tumepiga nyundo kila kibano. Tumezifunga ripoti zote saa ya kutoka. Hizi zimetoka wapi tena?"

"Sikio halisemi zimetoka kwa nani," Namkunda akajibu. "Unalijua hilo."

Kila mtu alilijua. Walikuwa juu ya milima ya Upare, upande wa Shengena, ambako ukungu hulala msituni hata mchana, wakati chini kule Makanya na Hedaru vuli ilikuwa imekataa kunyesha kwa miaka mingi mpaka watoto wakaanza kuiona kama jambo la hadithi. Mradi ulikuwa wa kutega ukungu: nyavu kubwa kuliko kiwanja cha mpira zilizotundikwa kati ya nguzo, zishike unyevunyevu, zilowe, ziudondoshe kwenye mifereji ushuke hadi tambarare. Mistari ilikuwa miwili, mashariki na magharibi. Nyavu zilikuwa tayari, zimekunjwa, zinasubiri kufunguliwa. Na hakuna wavu ambao ungefunguliwa wakati mstari wowote kati ya hiyo miwili una ripoti iliyo wazi.

Ripoti hizo hakuna aliyeziandika. Kila mfanyakazi alivaa nyuma ya sikio kidude cha ukubwa wa punje ya karanga, nao wakakiita njugu. Fundi akitazama kitu na mwili wake ukasita, moyo ukaruka, viganja vikatoa jasho, tumbo likajikunja hata kabla akili haijajua sababu, njugu ilinasa kusita kule, ikapima macho yameelekea wapi, ikapeleka habari kwenye mtambo. Mtambo uliitwa Sikio. Sikio lilifungua ripoti: mahali fulani, wasiwasi wa kiasi fulani. Jina halikuwekwa. Huko nyuma, kwenye mradi mwingine, nguzo iliwahi kuangukia watu, na ilipokuja kuulizwa, karibu kila fundi alikuwa ameuona ufa na akaogopa kumwambia bosi. Namkunda mwenyewe ndiye aliyeandika kanuni za Sikio baada ya msiba ule. Alitaka hofu ya mtu mdogo isikike bila mtu mdogo kuponzwa.

Kwa kazi ile, alidhani angepewa mstari wa magharibi. Alishaambiwa hivyo na watu waliokuwa na haki ya kumwambia. Kisha akaja Tunzo na vyeti vyake vya nyaya za madaraja, na ofisi ikaona nyaya ndizo zenye uzito.

"Mkuu," Tunzo alimwambia Mzee Kajiru, aliyesimamia mradi mzima, "nipe muda. Nitazikagua tena."

Mzee Kajiru alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. "Muda ninao mpaka mwisho wa mwezi, binti yangu. Wingu zito linakuja kutoka pwani. Likipita tukiwa tumekunja nyavu, sijui nitawaambia nini watu wa huko chini."

*

Jumapili Namkunda alishuka Chome kumwona mama yake. Aliufungua mlango wa jikoni, na kabla hajasema hodi akasikia kile kicheko.

Tunzo alikuwa amepanga chumba cha uani pale, kile alicholala Namkunda alipokuwa msichana. Namkunda mwenyewe ndiye aliyempeleka, siku za mwanzo, mgeni alipokuwa akitafuta pa kukaa. Sasa mgeni alikuwa amekalia kigoda cha jikoni, kanga kiunoni, akichambua maharage, na mama alikuwa akimsimulia kisa cha shangazi aliyetoroka harusi yake mwenyewe. Namkunda alikuwa akidhani kisa kile ni cha kwao wawili tu.

"Karibu, mwanangu," mama akasema. "Mwenzio ananisaidia. Makande yako tayari, subiri nimpakulie Tunzo kwanza, ana safari ya kupanda mlimani."

"Mama, mpe Dada kwanza," Tunzo akasema. "Mimi ni wa hapahapa."

Namkunda alisimama na mkoba wake mkononi. Wa hapahapa. Na yule mwingine akamwita mama yake Mama, bila kuongeza jina wala kusita, kama aliyenyonya kwake. Kitu kikamchoma chini ya kifua. Alikula amesimama, akasema ana kazi.

Mama alimsindikiza hadi getini. "Tunzo hali chakula siku hizi. Anakigusagusa tu. Mnamtesa nini huko kazini?"

"Hakuna anayemtesa, mama. Kazi yake ina hitilafu."

"Basi msaidie. Wewe si ndiye unayezijua hizo hitilafu?"

*

Alipanda mstari wa magharibi siku iliyofuata, kama alivyokuwa akipanda mara kwa mara, ubao mdogo wa mkononi ukiwa kwapani. Ukungu ulikuwa mwembamba. Kwenye nguzo ya nne Tunzo alikuwa ananing'inia kwenye mkanda, akifundisha mafundi kukaza kibano kwa kusikiliza sauti ya waya. Fundi Kisaka, mtu mzima asiyependa kusifu, alikuwa akimtazama kama mtu anayesikiliza redio inayosoma jina lake. Tunzo akasema jambo, wote wakacheka.

Njugu ikapata joto nyuma ya sikio la Namkunda.

Alitazama ubao. Doa jekundu lilikuwa limejitokeza nguzo ya nne, jipya, linang'aa.

Mara ya kwanza hakuelewa. Aliitazama nguzo kuanzia chini hadi juu, chuma, vibano, waya. Mwili ukatulia na doa likafifia. Akageuza macho kwenye mwamba, kwenye mti, kwenye mfereji. Hakuna kilichotokea. Kisha akamtazama tena Tunzo, ambaye Kisaka alikuwa akimpa mkono ashuke, na doa likawaka kama kaa lililopulizwa.

Namkunda akakaa kwenye jiwe lililolowa.

Alirudisha ripoti za nyuma kwenye ubao, akatazama saa zake. Nguzo ya tano, saa aliyopita yeye na kumkuta Tunzo akila na mafundi. Nguzo ya pili, siku Mzee Kajiru alipokuja kumpongeza Tunzo mbele ya wageni. Nyingi zilikuwa hivyo. Sikio lilijifunza hofu kutokana na miili ya watu, na mwili wa mtu una njia chache za kusema: moyo huruka vilevile, viganja hutoa jasho lilelile. Wakati wa kuandika kanuni aliwaza uchovu, aliwaza ugonjwa, aliwaza hata mapenzi. Wivu haukumjia akilini, kwa sababu siku zile hakuwa na wa kumwonea.

Alichotakiwa kufanya alikijua palepale. Alikuwa na mdomo, na Tunzo alikuwa hatua chache kutoka pale.

"Dada Namkunda!" Tunzo akaita, akija huku akijipangusa mikono. "Umeona nini? Niambie. Wewe unazisoma ripoti hizi kila siku. Ninakosea wapi?"

Uso wake ulikuwa umechoka, na Namkunda aliona aibu. Lakini chini ya ile aibu kulikuwa na kitu kingine kilichokuwa kikijinyoosha kwa raha kama paka juani, naye akakiacha kijinyooshe.

"Pengine mstari umekuwa mzito kwako," akasema. "Si kosa. Si kila mtu anaiweza milima."

Siku zilizofuata aliendelea kupita. Alijiambia anakagua. Hakulazimika kujitahidi hata kidogo, ilitosha kumtazama.

*

Mwisho wa mwezi Mzee Kajiru alimhamishia Tunzo Same mjini, kwenye ghala la mabomba. Tunzo hakubisha. Alikabidhi redio na funguo mbele ya watu wote, akasema, "Kama mafundi wangu wanaogopa nikiwa nao, basi niondoke," na sauti ikamkatika kwenye neno la mwisho. Fundi Kisaka akatoka nje bila kuaga.

Namkunda akapewa mstari wa magharibi.

Madoa mapya yakakoma siku hiyohiyo. "Mmeona?" watu wakaambiana kwenye chai. "Shida ilikuwa mtu." Yeye akanywa chai yake. Ilikuwa tamu, hilo hakuweza kulikana. Kwa siku mbili alitembea chini ya nguzo zile kama mwenye nyumba.

Siku ya tatu habari ikaja kwamba wingu limevuka Tanga na litafika kesho yake. Namkunda akakaa ofisini kufunga ripoti za zamani ili nyavu zifunguliwe. Kwa kuwa zilikuwa nyingi mno na zimetapakaa kwenye mstari mzima, Sikio lilikuwa limeziunganisha kuwa ripoti moja, kama linavyofanya likiona malalamiko yanayofanana: wasiwasi wa mstari wa magharibi, bila nguzo. Akabonyeza kufunga.

Sikio likakataa. Likaandika: Bado kuna anayeogopa.

Akadhani ni yeye. Akavua njugu yake, akaiweka mezani, akasubiri, akabonyeza tena.

Bado kuna anayeogopa.

"Wapi?" akauliza.

Mstari mzima, Sikio likajibu. Marudio.

Namkunda akaitazama njugu yake pale mezani. Kulikuwa na mtu mwingine. Kuna fundi aliyekuwa akipita mahali pamoja tu, kila siku, na tumbo lake likijikunja, na kila alipoogopa Sikio lilichukua hofu yake likaitupa kwenye lundo la wivu wa Namkunda na kuiita marudio. Lilikuwa limefundishwa na yeye kwamba hofu ya magharibi ni ileile moja.

Aliwakusanya mafundi uani. "Kuna mtu ameona kitu," aliwaambia. "Nguzo gani? Semeni, hakuna atakayefukuzwa."

Walitazama buti zao. Walikuwa wamemwona Tunzo akikabidhi funguo. Walichojifunza ni kwamba mstari wenye ripoti hupoteza watu. Kisaka alifungua mdomo, akaufunga, akasema, "Hamna kitu, Injinia. Tuko salama."

Akampigia Mzee Kajiru.

"Wewe ndiye mkuu wa mstari," mzee akasema. "Una ruhusa ya kuipita ripoti. Ipite. Zimekaguliwa nguzo zote mara ngapi? Watu wa chini wamekwishatoa ndoo nje, Namkunda."

"Mkuu, kuna anayeogopa kweli."

"Na hao wengine wote waliokuwa wanaogopa mwezi mzima? Walikuwa wanaogopa nini?"

 Aliaga, akaiweka simu.

Ruhusa ya kuipita ilikuwa kitufe kimoja, pale chini ya kidole chake. Wavu mmoja ukishalowa huwa na uzito wa malori yaliyojaa, na mafundi hukaa chini yake siku ya kwanza kuelekeza maji. Kuzikagua nguzo zote upya hadi kwenye misingi ilikuwa kazi ya wiki, na wingu lilikuwa la kesho. Njia ya tatu ilikuwepo. Mtu yeyote aliweza kuziondoa hofu zake mwenyewe kwenye Sikio, na zikiondoka, itakayobaki itaonekana imekaa wapi. Lakini kanuni ilisema anayeondoa hofu aiondoe kwa jina lake, mbele ya ubao wa wote, na aeleze sababu. Aliiandika hivyo makusudi, ili bosi asije akafuta hofu za walio chini yake kimyakimya.

Alikaa pale akimwaza Tunzo ghalani Same, akihesabu mabomba kwenye joto. Alitaka kuona huruma. Kilichokuja kwanza ni picha ya Tunzo akirudi, mafundi wakimpokea kwa vigelegele, mama akitandika kitanda cha uani. Na roho ikamuuma upya, kwa nguvu zote, kama vile hakuna kilichobadilika. Akaelewa kwamba akisubiri hadi wivu uishe ndipo atende haki, atasubiri mpaka watu wafe.

Akavaa njugu. Akaandika jina lake. Sikio likauliza sababu, naye akaandika neno moja: wivu.

Kule uani ubao mkubwa uliwaka. Alisikia mazungumzo yakikatika, kisha mtu mmoja akisoma kwa sauti: "Namkunda Mchome anaondoa wasiwasi wake kwenye mstari wa magharibi." Kisha yule mtu akasoma ile sababu, polepole, kama aliyedhani amekosea kusoma. Madoa yakaanza kuzimika, nguzo ya pili, ya tano, ya nne, moja baada ya jingine, mpaka karibu mstari wote ukawa mweupe.

Likabaki moja. Nguzo ya saba, chini kabisa, kwenye kitako.

Alitoka nje. Hakuna aliyempisha wala aliyemzuia. "Nguzo ya saba," alisema. "Leteni sururu."

Kisaka ndiye aliyechimba. Zege lilikuwa zima, zuri, ungeweza kulipiga picha. Lakini chini yake mwamba ulikuwa umeoza. Maji yaliyopita ndani kwa ndani yalikuwa yameula mpaka ukawa unamenyeka kwa vidole kama muhogo uliochacha. Kisaka alitia mkono kwenye shimo, ukaingia hadi begani.

"Nilikuwa nikikanyaga hapa nasikia mlio wa ngoma," alisema, bila kumtazama mtu. "Toka enzi za Tunzo. Nilikuwa nataka kumwambia. Lakini kila siku tulikuwa tunakimbizwa nguzo nyingine, ya pili, ya nne, ya tano. Nikajiambia labda ni masikio yangu tu."

*

Wingu lilipita nyavu zikiwa zimekunjwa. Huko Makanya watu walirudisha ndoo ndani.

Mzee Kajiru alimvua Namkunda njugu kwa mkono wake mwenyewe. Hakumfokea. Alimwambia hatakuwa tena na kazi ya ripoti wala ya mstari, na kama anataka kubaki, kuna nafasi ya mvuta kamba. Pengine alitegemea ataondoka. Namkunda akasema atabaki.

Mama yake aliisikia habari kama kila mtu alivyoisikia. Namkunda aliposhuka Chome, alimkuta amekaa kizingitini mikono mitupu.

"Nilikuwa na mtoto mmoja," mama akasema. "Nikadhani nimepata wa pili. Sasa hivi sijui ninao wangapi." Akainuka, akaingia ndani, lakini mlango hakuufunga.

Tunzo alirudi wiki ileile. Hakukuwa na vigelegele. Mafundi wenyewe walikuwa na haya. Alimkuta Namkunda kwenye ghala la juu akikunja kamba, akasimama mbele yake.

"Nilikuwa nalala macho wazi," Tunzo akasema. "Nilifika mahali pa kudhani mikono yangu ina laana. Siku ile nilikuuliza nakosea wapi. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nimejua muda huohuo."

"Na ukaniambia milima siiwezi."

"Ndiyo."

Tunzo alipumua kwa nguvu. "Nina nini mimi? Hebu niambie, maana najiangalia sioni. Mimi sina mama. Nilikuwa nakuonea gere wewe."

Safari hii Namkunda hakutafuta neno la kumuumiza. "Sikuombi unisamehe," akasema.

"Vizuri. Kwa sababu leo siwezi. Kesho tunahamisha nguzo ya saba, uwe pale mapema."

Walihamisha nguzo. Ilichukua siku nyingi za matope. Namkunda alivuta kamba pamoja na vijana waliokuwa wakimwita Injinia, ambao sasa hawakujua wamwite nani, na Tunzo akatoa amri kutoka juu. Wivu haukwenda popote. Kila asubuhi kile kicheko kiliporudi kidogokidogo kwenye bonde, ulimgusa palepale pa siku zote. Alivuta kamba ukiwa naye.

Wingu lingine likaja, jeusi, zito, likipanda bonde kutoka Mkomazi. Winchi zikaanza kunguruma na wavu wa kwanza wa magharibi ukajikunjua, ukalowa, ukaanza kuning'inia. Namkunda alikuwa chini, kamba begani, macho juu. Kwenye nguzo ya saba mpya aliona, au alidhani ameona, kibano cha kushoto kikicheza.

Nyuma ya sikio lake hakukuwa na kitu. Hakuna mtambo ambao ungemsemea.

"Tunzo!" akapiga kelele kwa sauti yote aliyokuwa nayo. "Simamisha! Kibano cha kushoto, saba!"

Vichwa vikageuka. Mtu mmoja akaguna. Kule juu Tunzo alimtazama, mkono ukiwa kwenye redio, na wingu likiwa linapita kati yao. Kila dakika ya kusimama ilikuwa maji yasiyoshuka, na aliyeita alikuwa yuleyule.

Tunzo akanyanyua mkono. Winchi zikanyamaza.

Alijifunga mkanda, akapanda mwenyewe. Walimwona akikigonga kibano kwa nyundo, akiinamisha sikio kwenye waya, akigonga tena. Akakaa huko juu kwa muda ambao Namkunda aliuona mrefu kupita siku zote za mwezi ule. Kisha sauti yake ikatoka kwenye redio za wote.

"Kimekaza. Hakina kitu."

Namkunda aliinamisha kichwa. Kamba ilikuwa imemlowesha mpaka kifuani.

"Namkunda," redio ikasema tena.

"Nakusikia."

"Endelea kutazama."

Winchi zikanguruma.